Wasomaji Wawili wa Sanduku la Ikonge

Kwa miaka tisa watu wawili wa boma moja, baba mkwe na mke wa mwanawe, walibishana kuhusu vitabu kwa maandishi, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana juu ya kitabu hata kimoja. Mimi ndiye niliyebeba ubishi wao ndani ya sanduku la mbao, kutoka Kisii hadi Ikonge na kurudi. Mimi ndiye pia niliyekaribia kuwakosesha wote wawili vitabu kabla ubishi haujaanza. Vijana wanaofanya kazi ya maktaba siku hizi huniuliza tulifanyaje kazi zamani, na naona siwezi kuwaeleza bila kulitaja jambo hilo.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Maktaba ya baraza mjini Kisii ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati, na mvua ya alasiri ikianza, karani na msomaji walizungumza kwa ishara. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini, ambaye nyumbani kwetu tulisema Kiswahili. Ekegusii, lugha ya wenyeji wa hapo, niliijua ya sokoni tu. Mkutubi wa Wilaya, mtu mrefu aliyependa kusimama, alinitazama toka juu.

"Unapenda kusoma?" akaniuliza.

"Napenda sana, bwana."

"Hiyo ndiyo hatari. Karani anayesoma hapangi. Mwezi huu usifungue kitabu hata kimoja. Shika migongo tu."

Nikashika migongo. Kila kitabu kilichoingia kiliandikwa katika daftari la mapokezi kikapewa namba, na namba ya fungu lake ikaandikwa mgongoni kwa wino mweupe: kilimo huku, dini kule, hadithi ukutani. Ndani ya jalada tulibandika mfuko mdogo wa karatasi wenye kadi ya kitabu. Msomaji naye alikuwa na kadi yake iliyokunjwa kama bahasha. Akiazima, kadi ya kitabu ilitolewa mfukoni na kuchomekwa ndani ya kadi ya msomaji, kisha zote mbili zikapangwa katika trei kufuata tarehe ya kurudisha. Trei hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya maktaba. Niliiangusha mara moja, na tulipanga kadi upya siku mbili kabla ya kujua nani ana nini.

Baada ya mwaka mmoja na nusu nilipandishwa nikawa karani wa masanduku. Baraza lilikuwa na masanduku ya mbao yenye bawaba. Sanduku moja lilibeba vitabu arobaini, na ukilifungua na kulisimamisha lilikuwa rafu. Landrova ya baraza iliyapeleka vituoni, na mimi nilipita kila kituo mara moja kwa mwezi, nikipokea na kuazimisha. Kila miezi mitatu nilibadilisha sanduku zima. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ogembo, katika chumba cha nyuma cha duka. Baadaye Mkutubi alinipa upande wa Nyamira, na hapo ndipo nilipoijua Ikonge.

Sanduku la Ikonge lilikaa katika banda la kununulia majani chai. Wakulima walifika na vikapu saa nane, wakapimiwa, kisha wakalisubiri lori la kiwanda, ambalo lilikuja lilipotaka. Katika kusubiri huko ndiko watu walikosoma. Siku ya kwanza mzee mmoja mchangamfu alinisogelea huku akipangusa mikono.

"Bwana Vitabu, leo umetuletea kitabu ya kuku au ya mapenzi?"

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mpe ya kuku. Hiyo ingine ilimshinda zamani."

Banda zima likacheka, mzee naye akacheka, na kweli akachukua cha kuku.

Tulikuwa na tatizo moja ambalo wasomaji wa leo hawalijui. Vitabu vyetu vilichakaa haraka, na fundi wetu wa kujalidi alivivalisha vyote kitambaa kimoja cheusi. Hadithi ya upelelezi, historia ya wafalme, kitabu cha nyuki, vyote vilifanana kama wanafunzi wa shule moja. Watu waliniuliza, "Kizuri ni kipi?" Sikuweza kujibu kwa vitabu arobaini na wasomaji kumi na saba. Nikabuni njia yangu. Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu nilibandika karatasi yenye mistari, na kila aliyerudisha aliandika maoni yake kwa ufupi pamoja na jina. Aliyefuata alianza kwa kusoma nyuma.

Katika kazi yangu yote sijaona kitu kilichowafanya watu wasome kama karatasi hizo. Juu ya kitabu cha kuku yule mzee mchangamfu aliandika: "Kinasema kuku ajengewe nyumba ya madirisha manne. Mimi mwenyewe nina dirisha moja. Lakini dawa ya minyoo ni ya kweli." Juu ya hadithi ya upelelezi mwalimu mmoja aliandika: "Muuaji nilimjua mapema. Ndiye peke yake aliyekuwa na adabu." Juu ya kitabu cha mapishi mtu alilalamika kwamba kila chakula kinataka oveni na hakuna mahali mwandishi ametaja ndizi. Mashairi yalipata mstari mmoja: "Nililisoma la kwanza mara tatu, na mara ya tatu nikaona kosa lilikuwa langu."

Miongoni mwa wasomaji wangu walikuwemo wawili walionizidi kwa bidii. Mmoja ni Mzee Ombati, mkulima wa chai na mzee wa kanisa la Sabato, aliyesoma na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wa pili ni Kwamboka, mke wa mwanawe wa pili. Kwamboka alikuwa ametoka shule darasa la saba akaolewa. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya Kericho na kurudi mwisho wa mwezi. Aliwahi kuniambia bila kuficha kwamba anataka kuwa mwalimu, na kwamba sanduku langu ndilo shule iliyobaki. Walikuja siku ileile ya majani, lakini nilikuwa nimeona kwamba mmoja akiwa kwenye sanduku, mwingine hukaa upande wa mizani. Nilidhani ni bahati tu ya foleni.

Kosa langu lilitokana na riwaya moja ya mapenzi. Msichana anamngoja mpenzi wake miaka saba, na anaporudi kuna sura nzima ya usiku wao wa kwanza. Kwamboka aliirudisha akaandika: "Miaka saba ni mingi, angemngoja mmoja kisha akaenda chuo. Na ile sura ya chumbani, mwandishi ameandika kama mtu aliyesimuliwa." Akatia jina lake.

Siku hiyohiyo Mzee Ombati alitoa kitabu cheusi rafuni, akafungua nyuma kama kawaida, akasoma. Nilimwona akivua miwani. Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya meza yangu kikiwa kimelala kifudifudi, akatoka bandani na kuacha kikapu chake kitupu pale chini.

Mwezi uliofuata hakuja. Kwamboka pia hakuja. Wanawake wengine wanne hawakuja. Nilimuuliza yule mama wa mzaha wa kuku, na safari hii hakucheka.

"Wewe hujui ensoni?"

Neno nililijua. Ni staha iliyopo kati ya kizazi na kizazi kinachokifuata: baba na wanawe, mkwe na mke wa mwana. Mambo ya chumbani hayatajwi kati yao hata kwa mzaha, na baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Nilichokuwa sijui ni kwamba inafika hata kwenye karatasi.

"Mzee amesoma mdomo wa mke wa mtoto wake ukisema mambo ya kitanda," akaniambia. "Sasa yeye hawezi kumwangalia, na huyo msichana hawezi kupita mbele yake. Mama mkwe amesema hakuna tena kwenda kwa sanduku. Na sisi wengine tuko na wakwe pia, Bwana Vitabu."

Nilirudi Kisii nikampa Mkutubi habari yote, kwa sababu kanuni ilisema kituo kikiwa na wasomaji chini ya kumi na watano, sanduku linaondolewa, na Ikonge ilikuwa imebaki na kumi na mmoja. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Nilikwambia ushike migongo," akasema. "Umeingia boma la watu kwa gundi. Rudi utengeneze. Nakupa mpaka mwisho wa robo hii, kisha sanduku linakwenda kwingine."

Hofu yangu haikuwa sanduku. Vitabu arobaini vingepata wasomaji popote. Nilimfikiria Kwamboka, ambaye shule yake ya pili nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu.

Nilimfuata Mzee Ombati shambani kwake asubuhi, nikiwa nimebandua karatasi zote za sanduku na kuzitia mfukoni. Alikuwa akichuma, na hakusimama. Nilitembea naye kwenye mstari wa pili wa chai.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Mimi ni mtu wa mjini, sikujua."

"Hukujua nini?"

Sikulitaja, kwa kuwa kulitaja kungekuwa kulirudia.

"Mimi sikusoma kitu," akasema huku akichuma. "Miwani yangu ni mbaya. Sikuona jina ya mtu. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na kama mimi sikuona, basi haiko." Akatupa majani kikapuni. "Lakini hizo karatasi, umezitoa?"

Nikazitoa mfukoni nikamwonyesha. Nilidhani atafurahi. Aliacha kuchuma.

"Kwa nini unazitoa? Sasa tutajuaje kitabu mbaya?" Akafikiri, vidole vikiwa juu ya chai. "Pale kwa mizani, karani anaandika mimi ni nani?"

"Anaandika namba yako ya mkulima."

"Haandiki Ombati. Na bado majani ni yangu, hayapotei. Wewe pia peana namba. Jina iandikwe kwa daftari yako, ukae nayo. Mtu aandike namba, aseme maneno yake." Kisha akaongeza, akinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, "Na usiniambie namba ya mtu yeyote. Hata nikikuuliza, usiniambie."

Niliwagawia namba kwa kuchanganya na kuruka, zisifuate jina wala boma. Mzee Ombati alipata kumi na nne. Namba ya Kwamboka, thelathini na moja, niliipeleka ikiwa ndani ya bahasha kwa mama mkwe wake, nikamweleza utaratibu mpya mbele ya wifi wawili, na nikasema wazi kwamba wazo lilitoka kwa mzee mwenyewe. Mama akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Mwezi uliofuata Kwamboka alikuja, akakaa upande wa mizani hadi Mzee Ombati alipoondoka, kisha akachukua vitabu viwili. Robo ilipofungwa Ikonge ilikuwa na wasomaji kumi na saba, na sanduku likabaki.

Ndipo ubishi ulipoanza. Kilianza kitabu cha safari cha Mzungu aliyepita Afrika Mashariki kwa miguu. Kumi na nne aliandika: "Ana nguvu na anasema ukweli juu ya njaa." Mwezi uliofuata chini yake kulikuwa na mwandiko wa thelathini na moja: "Kumi na nne amesahau jambo. Katika kurasa mia tatu hakuna mwenyeji hata mmoja aliyepewa jina, isipokuwa punda." Mzee alikiazima kitabu kilekile mara ya pili. Akajibu: "Nimehesabu. Ni kweli. Hata punda ni wawili."

Baada ya hapo kila mmoja alitafuta nyayo za mwenzake. Kumi na nne alipenda historia, vitabu vya kilimo na maisha ya watu wakubwa. Hadithi aliziona kama uongo uliovaa vizuri. Thelathini na moja alimwandikia: "Kitabu cha maisha ya mtu mkubwa nacho ni hadithi, ila mwandishi wake ameachiwa kumsifu shujaa." Yeye alipenda riwaya na mashairi, na hakuvumilia mwandishi anayehubiri. Juu ya kijitabu cha maadili aliandika: "Watu wabaya wote wanakufa ukurasa wa mwisho. Mungu mwenyewe hana haraka hivyo." Nilimngoja mzee wa kanisa akasirike. Aliandika: "Hapa thelathini na moja amesema vema. Nimenunua uvumilivu kwa bei ya kitabu kibaya." Hatimaye alisoma hadithi ya upelelezi, akaniambia mimi mwenyewe bandani, kwa sauti ya kukemea, "Huyo mpelelezi hakula siku tatu. Mtu namna hiyo hawezi kukamata hata kuku." Lakini alichukua nyingine.

Nilijifunza kwao zaidi ya nilivyofunzwa na wakubwa wangu. Nilipoanza niliamini kuna vitabu vya watu wenye akili na vitabu vya kupotezea wakati. Kwa kusoma karatasi zile nikaona kwamba kitabu cha mbolea humgusa mtu ikiwa mwandishi ameshika udongo, na shairi humchosha ikiwa mwandishi hajashika kitu.

Mkutubi wa pili, mama mtulivu aliyeletwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, alinikuta na karatasi hizo akaniacha. Mkaguzi kutoka Nairobi hakuniacha. Alifungua kitabu kimoja mbele yetu akauliza kwa nini mali ya umma imechafuliwa kwa kalamu.

"Hicho kimeazimwa mara ngapi?" Mkutubi akamuuliza kwa upole.

Mkaguzi akahesabu mihuri ya tarehe. Ilikuwa imejaza karatasi mbili.

"Na nakala yake iliyoko rafuni kwako Nairobi, bado ni safi?"

Mkaguzi alikifunga. Katika taarifa yake aliandika kwamba hali ya Ikonge ni ya pekee na haifai kuigwa.

Mwaka wa sita hivi wa ubishi wao niliweka katika sanduku kitabu cha namna ya kufundisha watoto kusoma. Thelathini na moja alikaa nacho miezi miwili. Aliporudisha aliandika: "Hiki ni kitabu bora kuliko vyote vya sanduku hili, lakini ni cha mtu atakayeruhusiwa kwenda chuo." Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Nilijua chuo cha ualimu kilikuwa kikipokea maombi, na nilijua katika boma lile neno la mwisho ni la nani. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeagizwa nisiseme. Nilichofanya ni kukiweka kitabu rafuni, mgongo mbele, mahali ambapo mzee huanzia kutafuta.

Alikichukua. Hakikuwa kitabu cha mtu wa umri wake. Mwezi uliofuata nilikuta ameandika: "Namba kumi na nne anasema: mwenye kutaka aombe. Watu hudhani wanajua jibu la wazee kabla hawajauliza."

Thelathini na moja alisoma akiwa amesimama bandani, vikapu vikipita. Hakuazima kitu siku hiyo. Baadaye nilisikia kwa yule mama wa mzaha kwamba Kwamboka alimwambia mama mkwe, mama mkwe akamwambia mumewe, na Mzee Ombati akajibu kwa maneno machache: aende, na watoto walale kwa nyanya yao. Mume wa Kwamboka alikuja kutoka Kericho kupinga, akakuta limeshapitishwa. Kwamboka alisoma chuo miaka miwili. Likizo alirudi, na likizo zote alichukua vitabu.

Mimi nilirudishwa Kisii kuwa msimamizi wa meza ya kuazimisha, na huko ndiko nilikostaafu. Nawaambia vijana kwamba kupanga ni nusu ya kazi. Mkutubi wangu wa kwanza alikuwa sahihi juu ya migongo ya vitabu, ila alisahau kwamba kitabu kina ukurasa wa mwisho, na baada ya ukurasa wa mwisho kuna mtu mwenye jambo la kusema. Mpeni mahali pa kulisemea, na mlinde jina lake. Kwamboka bado anafundisha upande wa Nyamira. Tukikutana sokoni Daraja Mbili huniuliza nimesoma nini, hunibishia, kisha hununua ndizi zake akaondoka. Hajaniuliza kumi na nne alikuwa nani. Nami sijamwambia.

Mzee Ombati alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, miezi michache kabla sijaondoka Ikonge. Riwaya ya mwisho aliyoazima ililetwa na mkewe baada ya maziko, imefungwa kwa leso safi. Ilihusu mtu anayerudi kijijini kwao kutafuta shamba alilodhulumiwa. Kwenye karatasi ya nyuma alikuwa ameandika kwa mkono uliolegea: "Macho yamechoka, nimefika katikati. Thelathini na moja akisoma aniandikie mwisho wake." Kwamboka, aliyekuwa amepika kwenye matanga yale na kunyoa nywele zake, ndiye aliyefuata kwenye orodha ya kungojea kitabu hicho. Nilimpa bila kubandua kitu. Alikirudisha mwezi uliofuata, na karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili kwa mwandiko mdogo: nani alilirudisha shamba, nani alihama, mti gani ulikatwa mpakani, hadi sentensi ya mwisho. Chini kabisa aliandika namba yake na kuuliza: "Kumi na nne anaonaje?"